Asante Haijazi Chungu

Sisi wauguzi tunawategemea sana wahudumu wa afya ya jamii. Ndio wapitao nyumba kwa nyumba, wakipima wazee presha na kuonyesha jamaa namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Hapa Kenya mpango wao ulianza mwaka 2006, na kwa miaka mingi wengi walijitolea tu. Mwaka 2023 wakapangiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Mhudumu mmoja hutunza nyumba kama 100: yaani shilingi 50 kwa nyumba! Toa nauli, kinabaki nini? Akikata tamaa, nani atakiona kidonda mapema? Tuwaombee, lakini pia tuwaendee wawakilishi wadi wetu, waongeze fungu la kaunti.