Sheria za Gololi: Mvulana Ajifunzavyo Haki (Sehemu ya Kwanza)

Katika miaka ya kuelekea 1932, wavulana wa shule katika miji ya Geneva na Neuchâtel, Uswisi, walipata mwanafunzi wa ajabu. Alikuwa mtu mzima, mwanasaikolojia Jean Piaget, na alichotaka ni kufundishwa kucheza gololi. Aliwaambia kwamba utotoni aliucheza mchezo huo, ila sasa amesahau sheria zake. Wakamfundisha, naye akawa anawauliza maswali: sheria hii imetoka wapi? Aliitunga nani? Je, mtoto anaweza kutunga nyingine?

Mtu mzima huona gololi ni upuuzi wa kuchafua kaptura. Lakini aliyekulia uswahilini anaujua ubishi wake: nani aanze, mstari uchorwe wapi, gololi ikigonga jiwe irudiwe au isirudiwe, na lile swali zito kuliko yote, kama mnachezea kula au mnajifurahisha tu. Mvulana aliyefika shuleni na mfuko umejaa, akaliwa zote kabla ya kengele, amepata hasara ya kweli. Nyumbani hakuna wa kumfidia, na akilia sana huenda akaongezewa kofi.

Wale wa Uswisi walikuwa wakichora mraba ardhini, wanaweka gololi ndani, kisha kila mmoja analenga ili azitoe nje. Piaget alikuta kwamba watoto wa miaka mitano hivi walicheza pamoja huku kila mmoja akifuata utaratibu wake mwenyewe, na mwishoni wote wakashinda! Hata hivyo, wadogo hao ndio waliokataa katakata sheria iguswe. Kwao ilitoka kwa baba, kwa wakubwa wa mji, au kwa Mungu. Kuanzia miaka saba au minane watoto walianza kutaka wote wafuate sheria moja. Waliofikia 11 au 12 waliijua mpaka vipengele vyake vidogo, na walipoulizwa kama inaweza kubadilishwa, walijibu kwamba inawezekana, mradi wenzao wakubali.

Hapo ndipo pana utamu wa jambo lenyewe. Anayeiona sheria kuwa takatifu huivunja kila dakika, tena bila habari. Anayejua kwamba ni mapatano tu ya watoto wenzake ndiye anayeitii.

Maelezo ya Piaget yanahusu umri. Wavulana wale waliacha gololi walipoingia ujanani, kwa hiyo mwenye miaka 12 alikuwa mzee wa mchezo. Hakuwa na wa kumwogopa juu yake. Akidanganya, hakuna mwalimu wa kumchapa, lakini kesho wenzake hawatacheza naye. Piaget aliwahi pia kuona kundi la wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja wakitaka kurushiana theluji: walitumia robo saa nzima kuchagua rais, kupanga namna ya kupiga kura, kugawana pande na kuweka adhabu. Bunge hilo halikuitishwa na mtu mzima yeyote.

Aliwasimulia watoto visa pia. Mvulana mmoja anaitwa kula, anafungua mlango bila kujua kwamba nyuma yake pana sinia la vikombe, na vikombe 15 vinavunjika. Mwingine, mama yake akiwa ametoka, anapanda kiti ili achukue jamu kabatini kwa siri, anaangusha kikombe kimoja. Nani ana kosa zaidi? Wengi wa wadogo walimhukumu yule wa 15. Wakubwa waliuliza nia. Kwa hesabu hiyo, mzazi anayechapa kwa kuangalia bei ya chupa ya chai iliyovunjika bado yumo katika kundi la wadogo.

Piaget hakupatia kila kitu. Kuanzia miaka ya 1970, mwanasaikolojia Elliot Turiel na wenzake walionyesha kwamba hata mtoto ambaye hajaanza shule hutofautisha kumpiga mwenzake na kuvunja utaratibu wa mavazi: kumpiga ni kubaya hata mwalimu akiruhusu.

Lawama nyingine inahusu wasichana, ambao Piaget aliwaona kuwa hawajali sana sheria. Mwaka 1976 mtafiti Janet Lever alichapisha utafiti wake kuhusu watoto wa Marekani. Wavulana wake waligombana kila wakati, lakini hakuna mchezo hata mmoja uliokufa kwa ugomvi. Kwa wasichana, ubishi ukizuka, mara nyingi mchezo huishia hapo. Mwanasaikolojia Carol Gilligan aliuchukua utafiti huo mwaka 1982 akauliza kwa nini kuulinda urafiki kuhesabiwe kuwa upungufu wa maadili. Jibu lake, na majibu aliyopewa na waliompinga, yataanza sehemu ya pili.