Bulo ya kinga ikivunjika, msumari si dawa

Kwetu Tshopo kinga njo kamio ya maskini. Kisangani iliizoea wakati wa vita, esanse ilipokosekana, vijana wakaanza kubeba watu nyuma ya kinga. Tuliwaita toleka, neno la Lingala, maana yake «tupite». Leo pikipiki zimewanyang'anya kazi mingi mjini. Lakini ukishika barabara ya taifa namba 4 kuelekea Bafwasende, kisha uingie vijia vya pori vinavyofika kwenye machimbo, kinga ingali inabeba mchele, samaki ya chumvi, mafuta na pele. Kinga ikilala njiani, krezere analala njaa.

Sasa wengine wetu wananunua VTT, zile zenye resori nyuma. Zinapendeza, lakini hazikutengenezwa kwa kubeba magunia. Mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, unazungukia bulo moja katikati ya kadre. Uzito wote wa mzigo unapita pale. Bulo hiyo ikikatika, gurudumu linalala upande, na mtu anaanguka pamoja na mzigo wake. Tumeona mwenzetu amevunjika mkono hivyo, kwenye mteremko, kwa sababu ya kipande cha chuma kisichozidi kidole.

Ikikatika njiani, usipande tena. Shusha mzigo, funga mkono wa nyuma na kadre kwa kijiti kigumu na mipira ya shambreri, halafu sukuma polepole mpaka kwa fundi.

Kwa fundi, kwanza angalia mahali bulo ilipokatika. Ukiona sehemu moja ni laini, nyeusi ao yenye kutu, na nyingine inang'aa na kukwaruza, ujue haikufa siku ile. Ufa ulianza zamani, ukakula chuma kidogo kidogo kila kinga iliporuka shimoni. Mara mingi sababu ni ekru iliyolegea, ao bage iliyokwisha ndani ya tundu, bulo ikawa inacheza. Kubadilisha bulo bila kubadilisha bage ni kupanga ajali ya pili.

Kutoa kipande kilichobaki kunataka uvumilivu. Fungua resori kwanza, isije ikaruka usoni. Kama bulo inapita upande huu mpaka ule, isukume kwa chuma chembamba na nyundo ndogo. Kama imefungwa ndani ya kadre yenyewe, mimina petroli ya taa ao mafuta mepesi, uache usiku mzima. Kichwa kikionekana kidogo, kikamate kwa koleo. Kisipoonekana, toboa katikati kwa meshi ndogo, polepole, usiguse nyuzi za kadre.

Bulo mpya ichaguliwe kwa macho. Upana uwe uleule, urefu uleule, na shingo laini, isiyo na nyuzi, ikae ndani ya bage. Nyuzi zikikaa pale, zinakula bage, na bulo inakatikia palepale. Soma namba kwenye kichwa: bulo ya 8.8 inavumilia kuvutwa mara mbili kuliko ya 4.6. Msumari wa inchi 4 ni chuma laini, unapinda kabla hujavuka mto wa kwanza. Sudire nayo si jibu: inafunga mkono usizunguke, na moto unalegeza kadre. Kadre ya alimini haikubali baketi ya kusude chuma hata kidogo.

Paka grese, weka rondeli pande mbili, kaza mpaka mchezo uishe lakini mkono uzunguke bure. Kisha ongeza ekru ya pili, ikaze juu ya ya kwanza ili zisifunguke. Piga alama ya rangi kwenye ekru na kadre: alama zikiachana, bulo inalegea. Angalia tena baada ya safari ya kwanza.

Iko swali lingine, nalo ni letu sisi wa chama. Bulo inapokatika, nani analipa? Mara mingi mwenye mzigo anamwambia msukumaji: «Kinga ni yako, mchele ulioharibika ni deni lako.» Kijana anafanya kazi miezi bila kuona hata franga. Hatukubali. Yule anayepakia gunia la ziada juu ya kinga ya mtu, ajue amebeba na sehemu ya hatari. Uzito na hasara vizungumzwe kabla ya safari, mbele ya mashahidi, na karatasi ibaki.

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka mchimbaji mdogo awe ndani ya koperative. Vizuri. Basi koperative isiwe ya kukusanya michango tu. Kasha moja la bulo, bage, ekru na grese kwenye kila chimbo halimalizi kasa ya kundi, na linaokoa mikono na miguu.

Kabla ya kupakia kesho asubuhi, shika gurudumu la nyuma, ulitikise kushoto na kuume. Likicheza, mzigo ubaki chini.