Safari za Ndege (2): Tarehe Inapobadilishwa Tena na Tena

Abiria anayetoka Dar es Salaam kwenda Washington kupitia Addis Ababa hupewa nambari mbili, na wengi hudhani ni kitu kimoja. Ya kwanza, yenye herufi na tarakimu sita, ni ya buking: inaonyesha nafasi aliyoshikiwa. Ya pili ina tarakimu 13, na hiyo ndiyo tiketi. Tarakimu tatu za mwanzo hutaja shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways.

Tarehe ikibadilishwa, buking husogezwa, lakini tiketi haiifuati yenyewe. Lazima itolewe upya ilingane na ndege mpya. Wakala akiisahau hatua hiyo, abiria hufika kaunta na karatasi yenye jina na tarehe sahihi, kumbe kwenye mfumo hana tiketi ya siku hiyo. Anayebadilisha mara nne ameipitia hatari hiyo mara nne. Njiani huweza pia kupotea kiti cha dirishani, chakula maalumu, hata ombi la kiti cha magurudumu kwa mzee.

Kisha kuna fedha.

Viti vya daraja moja hugawanywa katika makundi ya bei, kila kundi na herufi yake. Kundi la bei nafuu likiisha, anayehamia ndege hiyo hulipa tofauti ya nauli, faini iwepo isiwepo. Mwaka 2020 shirika la ndege la United lilifuta faini ya kubadilisha tiketi zake nyingi za ndani ya Marekani, na wenzake Delta na American wakafuata. Tofauti ya nauli ilibaki palepale.

Mashirika huchukizwa zaidi na mchezo mwingine: wakala anashika nafasi bila kulipia, muda wa malipo ukikaribia anaifuta, halafu anaishika upya. Viti huonekana vimechukuliwa ilhali havijauzwa, na shirika hutozwa gharama na mifumo ya buking kama Amadeus na Sabre. Kompyuta huutambua mtindo huo. Buking inaweza kufutwa, na wakala akatumiwa hati ya madai, ambayo mara nyingine humwangukia mteja.

Wiki ijayo: abiria asiyebadilisha wala kufuta, bali haonekani uwanjani, na kwa nini kukosa ndege ya kwanza hufuta hata ile ya kurudi.