Bunduki ya Babu Hairithiwi Bila Cheti

Mkazi wa Yamumbi anayekuta bunduki kuukuu darini au sandukuni mwa marehemu anashauriwa asiiguse. Lee-Enfield za Uingereza, za risasi ya .303, zilibebwa na askari wa KAR. Walowezi wa Uasin Gishu nao waliwinda kwa bunduki za aina hiyo. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, lakini uzee wa bunduki hauondoi hatari: huenda risasi bado imo ndani. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti ni cha mtu, hakirithiwi pamoja na shamba. Mpigie chifu au polisi waje kuichukua. Usiipakie kwenye bodaboda kuipeleka kituoni; njiani utakuwa mtu mwenye silaha bila cheti. Anayetaka kuihifadhi kama kumbukumbu ya familia aombe kwanza cheti chake kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha.