Klachi mbili zashinda mbio, gia za mkono zashinda sokoni

KATIKA biashara ya magari ya kasi, chombo kinachoshinda barabarani si lazima kiwe ndicho kinachoshinda sokoni. Hali hiyo inajitokeza wazi katika ushindani kati ya giaboksi za klachi mbili na zile za mkono, au manyuali kama zinavyojulikana kwa wengi.

Mwaka 2021 kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilipotoa toleo jipya la gari lake la 911 GT3, mnunuzi alipewa hiari ya kuchagua giaboksi ya klachi mbili au ya mkono bila nyongeza ya bei.

Takwimu za kiwanda chenyewe hazikuacha shaka. Gari lenye klachi mbili hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4, wakati lile la gia za mkono huchukua sekunde 3.9.

Tofauti ya nusu sekunde katika magari ya aina hiyo ni kubwa. Hata hivyo, wapo wanunuzi wanaoendelea kuchagua lililo polepole, na likishafika katika soko la magari yaliyotumika hutafutwa kwa hamu.

Kwa mfanyabiashara anayeagiza magari kupitia Dar es Salaam au Mombasa, na kwa mwekezaji mdogo anayenunua gari moja akitarajia bei ipande, jambo hili linagusa mfuko moja kwa moja. Giaboksi inaweza kuongeza thamani ya mali, na inaweza pia kumeza faida yote.

JINSI ZINAVYOFANYA KAZI

Giaboksi ya klachi mbili ni kama giaboksi mbili za mkono zilizowekwa ndani ya nyumba moja. Klachi ya kwanza hushughulikia gia za witiri, yaani 1, 3 na 5, na ya pili hushughulikia gia za shufwa, yaani 2, 4 na 6.

Gari likiwa katika gia ya 2, gia ya 3 huwa tayari imeshikwa ikingoja. Klachi moja inapoachia, nyingine hukamata papo hapo, na nguvu ya injini haikatiki kwenda magurudumuni. Kazi yote hiyo huongozwa na kompyuta na mtambo wa haidroliki uitwao mekatroniki.

Wazo lenyewe si geni. Mhandisi Mfaransa Adolphe Kégresse alilibuni mwaka 1939, lakini vita vilizuia lisifike viwandani. Katika miaka ya 1980 Porsche iliifunga giaboksi hiyo katika magari yake ya mashindano ya 956 na 962, na Audi ikaijaribu katika gari la rali la Sport quattro S1.

Gari la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na klachi mbili ni Volkswagen Golf R32 ya mwaka 2003. Nissan GT-R iliyotoka mwaka 2007 haikutoa kabisa nafasi ya gia za mkono hadi utengenezaji wake ulipokoma mwaka 2025. Ferrari ilifuata na California mwaka 2008, na Chevrolet Corvette iliyoingia sokoni kama toleo la mwaka 2020 ilikuja na klachi mbili peke yake.

Wafanyabiashara wanapaswa kutochanganya klachi mbili na giaboksi za klachi moja zinazobadilishwa kwa mashine, kama SMG ya BMW na ile ya F1 ya magari ya zamani ya Ferrari. Hizo hukata nguvu kila zinapobadilisha gia. Ferrari F430 yenye gia za mkono, kwa mfano, huuzwa kwa bei ya juu zaidi kuliko ndugu yake mwenye giaboksi ya F1, ingawa injini ni ileile.

ADIMU HUPANDISHA BEI

Sababu kubwa ya kupanda kwa thamani ya gia za mkono ni uchache. Nchini Marekani, magari mapya yenye gia za mkono yalikuwa zaidi ya theluthi moja mwaka 1980. Kufikia mwaka 2021 yalikuwa yamebaki kiasi cha asilimia 1.

Viwanda navyo vinaendelea kupunguza. Volkswagen iliondoa gia za mkono katika Golf GTI na Golf R za soko la Amerika ya Kaskazini kuanzia toleo la mwaka 2025. Wengine wameona nafasi ya biashara: Toyota iliipa GR Supra gia za mkono mwaka 2022 baada ya wateja kuzidai.

Lakini uchache peke yake si dhamana, na mfano mzuri ni Porsche 911 R.

Gari hilo lilitangazwa Machi 2016. Yalitengenezwa magari 991 tu, yote ya gia za mkono, wakati ambapo GT3 ya wakati huo ilikuwa ikiuzwa kwa klachi mbili tu. Bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 184,900. Muda si mrefu walanguzi wakawa wanadai mara kadhaa ya bei hiyo.

Machi 2017 Porsche ikatangaza kwamba GT3 mpya itapatikana pia kwa gia za mkono. Bei za 911 R zikaporomoka. Waliouza mapema walivuna. Walionunua kileleni kwa kuamini kwamba kiwanda hakitabadili msimamo walibaki na gari zuri lenye hasara.

Somo kwa mwekezaji ni kwamba uchache unaotokana na uamuzi wa kiwanda unaweza kufutwa na uamuzi mwingine wa kiwanda hichohicho. Uchache wa kweli ni wa gari ambalo utengenezaji wake umekoma na halina mrithi.

UPANDE WA HASARA

Klachi mbili zina sifa ya kasi, lakini kumbukumbu za miaka iliyopita zina kurasa chungu.

Machi 2013 Volkswagen ilitangaza kuyaita gereji magari 384,181 nchini China kutokana na matatizo ya giaboksi za klachi mbili aina ya DSG. Novemba mwaka huohuo kampuni hiyo iliita magari yapatayo milioni 1.6 duniani ili kubadilisha mafuta katika giaboksi za DSG za gia 7.

Ford nayo ilipata matatizo makubwa na giaboksi yake ya PowerShift iliyofungwa katika Fiesta na Focus. Aprili 2018 mahakama ya shirikisho ya Australia iliitoza kampuni hiyo nchini humo faini ya dola za Australia milioni 10 kwa namna ilivyowashughulikia wateja waliolalamika.

Ni vyema kutofautisha. Magari mengi yaliyoleta malalamiko hayo yalikuwa na klachi kavu, ambazo hazipozwi na mafuta. Magari ya kasi yenye nguvu kubwa kwa kawaida hutumia klachi zinazozama katika mafuta, kama ilivyokuwa Golf R32, na hizo hustahimili joto zaidi.

Hata hivyo klachi za mafuta zina masharti yake. Giaboksi ya DSG ya gia 6, kwa mfano, hutakiwa kubadilishwa mafuta na filta kila kilomita 60,000. Mwenye gari akikwepa gharama hiyo, deni humfuata mnunuzi wa pili.

Foleni za miji mikubwa huongeza mzigo. Otomatiki ya kawaida yenye toki konveta inaweza kusogea hatua kwa hatua bila pleti kusuguana. Klachi mbili zikifanya hivyo huwa zinateleza na kupata joto, na asubuhi moja ya foleni ya Dar es Salaam au Nairobi ni kazi nzito kwa pleti hizo.

Hata viwanda havikubaliani juu ya mustakabali wake. BMW iliyoanza kuuza M3 yenye klachi mbili mwaka 2008 iliachana nazo katika M5 ya mwaka 2017 na kurudi kwenye toki konveta. M3 ya sasa haitumii klachi mbili.

SOKO LA AFRIKA MASHARIKI

Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, na lazima usukani uwe kulia. Kwa mwaka 2025, magari yaliyokubaliwa ni yale yaliyosajiliwa mara ya kwanza tangu mwaka 2018. Tanzania huruhusu magari ya umri mkubwa zaidi, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa yale yaliyofikia miaka 8.

Sheria hizo zina matokeo yake katika bei. Mitsubishi Lancer Evolution X ilitoka mwaka 2007 ikiwa na hiari mbili, gia 5 za mkono au klachi mbili za gia 6. Utengenezaji ulikoma miaka ya 2015 na 2016, na mitsubishi hiyo haina mrithi. Mlango wa Mombasa umefungwa kwake. Yaliyomo Kenya ndiyo yaliyobaki, na kila moja linaloharibika hupunguza idadi.

Subaru WRX STI iko katika njia hiyohiyo. Toleo la mwisho lenye injini ya EJ20 kwa soko la Japani, magari 555 tu, lilitangazwa mwaka 2019. Machi 2022 Subaru ilieleza kwamba haitatoa STI mpya ya injini ya petroli kutokana na WRX ya sasa. Toleo hilo la mwisho la STI liliuzwa kwa gia 6 za mkono.

Kwa hiyo, katika eneo lenye mapenzi ya miaka mingi na mashindano ya rali, gari la kasi la gia za mkono lina wateja wachache lakini wenye msimamo. Huuzwa taratibu, ila mnunuzi akifika haondoki kwa tofauti ndogo ya bei. Kinyume chake, gari la kawaida la familia lenye gia za mkono linaweza kulala yadi kwa muda mrefu, kwa kuwa wateja wengi wa mijini wanataka otomatiki.

HESABU YA MFANYABIASHARA

Ichukuliwe mfano wa kufikirika. Mfanyabiashara ana magari 4 ya klachi mbili, kila moja limemgharimu Sh milioni 40 hadi kufika yadi, naye anatarajia kuuza kila moja kwa milioni 45. Faida inayotarajiwa ni milioni 20.

Gari moja likidai mekatroniki na seti ya klachi kwa gharama ya milioni 4, faida ya gari hilo hushuka kutoka milioni 5 hadi milioni 1, yaani asilimia 2.5 tu ya mtaji. Faida ya magari yote 4 huwa milioni 16.

Ina maana kwamba, kwa hatari hiyo ya gari moja kati ya 4, kila gari linabeba mzigo wa milioni 1. Mfanyabiashara makini hukata milioni hiyo mnadani, wakati wa kununua, kwa sababu mteja wa yadini hatakubali kuilipa.

Gari la gia za mkono nalo lina mzigo wake, ingawa klachi yake moja kwa kawaida ni nafuu na inajulikana kwa mafundi wengi. Hatari yake kubwa ni historia: magari mengi ya aina hii yamekwisha kukimbizwa vibaya, kufungwa spea zisizo zake, au kugeuzwa kutoka otomatiki ili yapate bei.

YA KUANGALIA KABLA YA KULIPA

Katika karatasi za mnada za Japani, alama F5 au F6 huonyesha gia 5 au 6 za mkono. Magari ya klachi mbili mara nyingi huandikwa pamoja na otomatiki nyingine kwa alama ya AT, hivyo muagizaji asikisie. Atafute aina kamili ya modeli na giaboksi yake.

Kwa klachi mbili, gari lijaribiwe likiwa baridi na likiwa moto. Litambae polepole katika gia ya 1 na ya 2, lirudi nyuma, na lipande mlima. Mtetemeko, kuchelewa kuondoka, au taa ya gia inayowaka na kuzima ni sababu ya kushusha bei au kuondoka. Kompyuta isomwe na fundi, na stakabadhi za kubadilisha mafuta zidaiwe.

Kwa gia za mkono, gia ya 2 na ya 3 zisikwaruze zinapoingia kwa haraka. Klachi isiteleze gari likipewa moto katika gia ya juu. Namba na maandishi ya kiwandani yahakikishwe kwamba gari lilizaliwa na gia za mkono.

Magari ya umeme yanayoingia sokoni kwa kawaida hayana klachi hata moja, na jambo hilo litazidi kuyafanya magari ya gia za mkono kuwa machache. Lakini uchache hulipa pale tu gari lenyewe lilipo zima, la asili, na limenunuliwa kwa bei inayoacha nafasi ya fundi.