Intaneti ikijikokota, tukague waya kabla ya kulipa zaidi

Ni lalamiko lililoenea siku hizi miongoni mwa walimu na wanafunzi kwamba intaneti inajikokota. Mwalimu anataka kusajili watahiniwa wake na ukurasa unagoma kufunguka. Mwanafunzi wa chuo anasikiliza mhadhara na sauti ya mhadhiri inakatikakatika kama ya mtu aliyeshikwa na kwikwi. Tangu Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na masomo yakahamia mtandaoni kwa wale waliojaliwa kuwa nao, jambo hili limekoma kuwa la anasa. Hata hivyo, dawa ambayo wengi huikimbilia ni moja tu: kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Dawa hiyo mara nyingi ni sawa na kupaka mguu mafuta ilhali mwiba ungali ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, chambilecho wahenga. Na kinachoila kasi ya intaneti mara nyingi kimo ndani ya nyumba ya mlalamikaji.

Mfano unaofunza zaidi ni ule wa waya wa simu ya mezani. Ni kweli kwamba nchini mwetu waya huo umepungua mno. Simu ya mkononi iliupiku, wezi wa shaba wakaukatakata, na tangu mikongo ya baharini ilipofika Mombasa mwaka 2009, faiba imekuwa ikienea mijini. Lakini katika nchi kama Uingereza, mamilioni ya nyumba zilipata intaneti ya kasi kwa mara ya kwanza kupitia waya huo huo wa shaba. Ujuzi uliopatikana huko wa kuutibu waya huo unamfaa hata yule ambaye hajawahi kuwa na simu ya mezani.

Msomaji ana haki ya kuuliza mwanaisimu anatafuta nini katika nyaya. Jibu ni kwamba waya wa simu ulitandazwa kwa ajili ya lugha. Wahandisi walijiuliza ni sehemu gani ya sauti ya binadamu inayotosha kumfanya msikilizaji aelewe, wakaamua kupitisha mitetemo iliyo kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde na kuikata iliyosalia. Maneno mengi husalimika. Lakini vikwamizo kama /s/, /f/ na /th/ hubeba sehemu kubwa ya nguvu zao juu ya kiwango hicho. Ndiyo maana katika simu ya mezani "samani" na "thamani" hukaribia kuwa neno moja, na anayetaja jina lake hulazimika kulitaja herufi baada ya herufi. Modemu za zamani, zilizojibana ndani ya nafasi hiyo ya sauti, hazikuweza kupita kilobiti 56 kwa sekunde.

Ufumbuzi ulipatikana pale ilipozingatiwa kwamba kikwazo hakikuwa shaba yenyewe. Juu ya nafasi ya sauti palikuwa na shamba pana ambalo halijalimwa. Teknolojia iitwayo ADSL, iliyopewa kanuni zake za kimataifa mwaka 1999, ililima kuanzia mitetemo 25,000 hivi hadi takriban 1,100,000 kwa sekunde. Toleo la mwaka 2003 likaongeza mpaka hadi 2,200,000. La kwanza lingeweza, kila kitu kikiwa shwari, kufikia megabiti 8 hivi kwa sekunde, na la pili megabiti 24. Shamba hilo hugawanywa vijishamba vidogo vidogo. Kila modemu inapowashwa, hukipima kila kijishamba: chenye utulivu hupandwa biti nyingi, chenye kelele hupandwa chache, na kilichoharibika kabisa huachwa. Kasi unayoipata ni jumla ya mavuno hayo.

Kutokana na maelezo haya, ni bayana kwamba kuna maadui wawili. Wa kwanza ni umbali. Mitetemo ya juu hufifia upesi zaidi kadiri waya unavyorefuka, kwa hivyo aliye kilomita moja kutoka kituo cha simu huvuna karibu shamba zima, ilhali aliye kilomita tano huambulia pembe yake tu. Na umbali unaohesabika ni ule wa waya unavyozunguka kutoka nguzo hadi nguzo, si ule wa njia ya mkato. Dhidi ya adui huyu mwenye nyumba hana silaha. Adui wa pili ni kelele, na huyu ndiye tunayeishi naye.

Kelele huingia kwa milango kadhaa. Kwanza, kila simu iliyounganishwa katika waya huo, pamoja na faksi au king'ora cha wezi kinachoutumia, huhitaji kichujio cha kutenga sauti na intaneti. Kifaa kimoja kikikosa kichujio chatosha kuvuruga laini nzima. Pili, waya wa ziada uliotambazwa kutoka sebuleni hadi chumbani hufanya kazi kama erieli: hunasa kila linalopita hewani. Mafundi nchini Uingereza waligundua kwamba katika nyumba nyingi mkosaji alikuwa waya wa tatu, uliowekwa zamani kwa ajili ya kengele ya simu. Simu za kisasa hazikuuhitaji tena, nao ukabaki ukutani ukikusanya kelele bila faida. Kuutenga waya huo, au kuiunganisha modemu moja kwa moja katika soketi kuu, palepale simu inapoingilia nyumbani, kulirejesha kasi ambayo watu walidhani haipo.

Fauka ya hayo, vipo vyombo vya umeme. Masafa ya kati ya redio, yanayoanzia kilohezi 530 hivi hadi 1,600, yamo ndani ya shamba lile lile la ADSL. Hapa ndipo redio ya zamani inapokuwa kipimo cha bei nafuu. Iwashe katika masafa hayo, karibu na kilohezi 600, mahali pasipo na kituo, kisha uitembeze nyumbani. Ikinguruma karibu na chaja ya bei rahisi, taa au kisanduku cha televisheni, umempata mshukiwa. Kizime chombo hicho, usikilize tena. Wanafunzi wa fizikia hawahitaji maabara kubwa kuliko hiyo.

Aidha, tusichanganye ugonjwa wa waya na ugonjwa wa hewa. Waifai ni safari nyingine inayoanzia kwenye modemu, nayo ina maadui wake: kuta nene za mawe, mabati, majirani waliojazana katika mkondo mmoja, na hata oveni ya maikrowevu. Kanuni ni nyepesi: unganisha kompyuta kwa kebo katika modemu, upime. Kasi ikipanda, shida ni waifai, na kuisogeza modemu kutoka nyuma ya kabati hadi mahali pa wazi kwaweza kufanya kazi ambayo kifurushi kipya hakingeifanya. Kasi isipopanda, tazama katika ukurasa wa modemu kasi ambayo modemu yenyewe imekubaliana na kituo. Ikiwa hiyo ni ndogo, tatizo liko katika waya. Ikiwa ni kubwa, lakini vipimo huporomoka kila jioni, basi tatizo huenda ni msongamano katika mtandao wa kampuni, na sasa una hoja ya kuwapelekea. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja, maana hutajua lipi lililoponya. Wala usizime na kuwasha modemu kila saa, kwani mitambo ya baadhi ya makampuni huichukulia laini ya namna hiyo kuwa haina utulivu, ikaishusha kasi.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la lugha moja kwa moja. Matangazo ya biashara huhesabu kasi kwa megabiti, lakini faili tunazopakua huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Aliyenunua megabiti 8 kwa sekunde, akapakua kitabu cha megabaiti 40, atangoja angalau sekunde 40, si tano. Wangapi wamejiona wameibiwa ilhali hawakuibiwa? Na wangapi wameibiwa kweli wasijue, kwa kuwa tofauti ya irabu moja katika maneno mawili hawakufafanuliwa?

Hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Kagua waya, pima kwa kebo, badilisha jambo moja kwa wakati: kanuni hizi zinamfaa mwenye faiba na hata mwenye modemu ya laini ya simu, ambaye kuisogeza dirishani kwaweza kumpa nafuu. Hazihitaji shahada. Zinachohitaji ni kuelezwa, tena kwa lugha ambayo mlipaji anaielewa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Ukiviweka vifungu hivyo viwili bega kwa bega, ni vigumu kuelewa kwa nini kijitabu kinachokuja na modemu kinakosa hata ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Madai hayo hayana mashiko. Kelele, umbali, kichujio, msongamano, waya na kasi ni maneno ya kila siku, nayo yanatosha kueleza tisa katika kumi ya yale ambayo mwenye nyumba anahitaji kujua. Machache yaliyosalia, kama modemu na biti, tumekwisha kuyatohoa kama tulivyotohoa shule na baiskeli.

Walimu wenzangu wanaweza kuanza bila kungoja kampuni. Wape wanafunzi wapime kasi ya intaneti ya shule asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa kebo na kwa waifai, kwa juma zima. Waandike matokeo katika jedwali, kisha waandike barua rasmi ya Kiswahili kwa kampuni husika wakitaja tarehe, saa na tarakimu. Watakuwa wamefanya fizikia, hisabati na insha kwa pamoja. Na kampuni itakayoipokea barua hiyo itatambua kwamba inazungumza na mteja anayejua anacholipia.