Madoido ya Skrini na Kumbukumbu ya Kompyuta

Kiwangwa, upande wa Bagamoyo, inasifika kwa kilimo cha mananasi. Tuchukue mfano wa karani wa wakulima wa huko ambaye macho yake ni hafifu. Kila siku huandika katika kompyuta idadi ya mananasi yaliyopakiwa garini na fedha anazostahili kila mkulima. Akikosea tarakimu moja, mkulima hupunjika.

Kompyuta yake huendeshwa na Linux, mfumo ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991, na ambao hupatikana bila malipo. Ndani yake hutumia Compiz, programu ya madoido ya skrini iliyotolewa mwaka 2006. Watu wengi huifahamu Compiz kwa madirisha yake yanayotikisika kama jani la mgomba, wakadhani ni pambo tu. Lakini programu hiyo huweza pia kukuza sehemu ya skrini mara kadhaa, na kugeuza rangi ili maandishi yawe meupe juu ya weusi. Kwa karani wetu, hiyo ndiyo miwani yake.

Siku moja umeme unakatika. Unaporudi, kompyuta inawaka vizuri, lakini ukuzaji haupo. Je, madoido yamekwenda wapi?

Ubao na daftari

Kompyuta ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambamo programu hukaa wakati inapofanya kazi. Hii ni kama ubao ulioandikwa kwa chaki: umeme ukizimika, yote hufutika. Ya pili ni diski, ambayo ni kama daftari lililoandikwa kwa wino: yaliyomo hubaki hata mashine ikizimwa.

Aghalabu mtumiaji huanzisha madoido kwa kuandika amri compiz --replace. Amri hii huiagiza Compiz ishike nafasi ya programu iliyokuwa ikisimamia madirisha. Badiliko hilo hutendeka katika kumbukumbu ya muda peke yake. Kompyuta inapowashwa upya husoma daftari lake, huikuta humo programu ya awali, nayo huianzisha hiyo. Yafaa ieleweke kwamba mipangilio ya karani, yaani uteuzi wa madoido na vitufe vya kukuzia, haikupotea, kwa kuwa ilihifadhiwa katika diski. Kilichokosekana ni agizo la kuianzisha Compiz.

Dawa yake

Hivyo basi, dawa ni kuliandika agizo hilo katika daftari. Mazingira mengi ya Linux yana orodha ya programu za kuanzishwa mtumiaji anapoingia. Kila programu huwa na faili yake fupi ndani ya kabrasha la .config/autostart, lililomo katika kabrasha kuu la mtumiaji. Amri ile ile ikiandikwa humo, Compiz itaanza yenyewe kila mara.

Dawa hiyo isipofaa, yachunguzwe mambo matatu. Kwanza, umiliki wa faili: ikiwa mipangilio iliwahi kubadilishwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo, faili huweza kuwa mali yake, na mtumiaji wa kawaida akashindwa kuandika mabadiliko mapya. Pili, programu inayoendesha kadi ya picha: kiini cha Linux kikisasishwa, kile kipya huanza kutumika baada ya kuwasha upya, na programu hiyo isipolingana nacho madoido hushindwa. Tatu, mfumo wa picha: Compiz ilitungwa kwa ajili ya X11, wala haifanyi kazi chini ya Wayland, unaotumiwa na mazingira mengi ya leo. Mwenye Wayland atumie vikuzaji vilivyomo ndani ya GNOME au KDE Plasma. Vikiwashwa katika mipangilio, uamuzi huo huandikwa katika diski.

Mwisho, lifanyike jaribio. Karani asingoje umeme ukatike siku ya malipo, wakulima wakiwa wamejipanga mlangoni. Siku ya utulivu na aizime kompyuta kwa hiari yake, aiwashe tena, atazame kama tarakimu zinasomeka. Zikisomeka, agizo limeingia daftarini.